Anayetoboa fishabodi ndiye anayejaza kapu la bilinganya

*Mjini Bariadi majirani wawili wamegombana kwa sababu ya nyuki mmoja mweusi. Mwandishi wetu alikwenda kuwasikiliza wote wawili, akamfuatilia na nyuki mwenyewe.*

UNGA ulianza kudondoka saa tatu asubuhi. Ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai, laini kama uliopitishwa kwenye chekecheke, ukashuka taratibu juu ya sahani zilizoanikwa kichanjani. Mama mwenye nyumba alizikung'uta, akazisuuza upya, akazipanga. Kabla mikono haijamkauka, unga ukaanguka tena. Akainua macho. Kwenye fishabodi ya paini inayoshika ukingo wa mabati palikuwa na tundu la duara kamili, kana kwamba fundi amepitisha keekee. Ndani yake ulisikika mkwaruzo mdogo usiokoma.

Hilo lilikuwa tundu la kumi na moja. Nilihesabu mwenyewe, nikizunguka nyumba kutoka jikoni hadi barazani.

Nilifika hapo, katika mtaa mmoja wa Bariadi mjini, kwa sababu ya ugomvi. Mama huyo alikuwa amemwita kijana mwenye bomba la mgongoni, na ndani ya bomba mlikuwa na dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita. Upande wa pili wa ua wa minyaa anaishi jirani yake, mwanamke wa makamo anayelima bilinganya, ngogwe na kunde za kuuza sokoni. Aliposikia bomba likijazwa upepo alikuja mbio, jembe bado liko mkononi.

"Mayu, hao ndio wananilimia," alimwambia.

"Na mimi ndio wananibomolea," alijibiwa.

Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mweusi na wa manjano

Mdudu mwenyewe ni mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye mkanda mweupe au wa manjano mgongoni. Nyuki wa asali akitua kando yake huonekana mtoto. Akiruka hutoa mvumo mzito unaosikika kabla hujamwona. Waandishi wa elimu ya wadudu humwita nyuki seremala. Mitaani wengi humwita tu nyuki mkubwa mweusi, au humchanganya na dondora, na kumchanganya huko kumemponza, kwa kuwa dondora ni mkali na huishi kwa kundi. Huyu huishi peke yake, mama na wanawe.

Jina lake la kisayansi, Xylocopa, alipewa mwaka 1802 na Mfaransa Pierre André Latreille kutokana na Kigiriki, na maana yake ni mkata mbao. Duniani zipo aina zipatazo 500. Hapa Afrika Mashariki tunazo kadhaa, na mojawapo inayoonekana sana ni Xylocopa caffra, yule wa mkanda mgongoni.

Mjukuu wa mwenye nyumba, mvulana wa darasa la pili, hakumwogopa huyo mweusi. Alimwogopa mwingine, wa manjano mwenye manyoya mwili mzima, aliyekuwa ananing'inia hewani mbele ya mlango wa jiko. Kila mtoto alipotoka na ndoo, yule wa manjano alimjia usoni, akasimama angani kama anayemkagua, akarudi mahali pake. Mtoto aliacha ndoo mara mbili.

Huyo wa manjano ndiye dume wa yule mweusi. Watu wengi hudhani ni wadudu wawili tofauti, na si ajabu, kwa kuwa rangi zao hazifanani hata kidogo. Dume huchunga eneo lake akisubiri majike, na chochote kinachopita, awe ndege, mtoto au dume mwenzake, hukifuata kukikabili. Lakini hana mwiba. Hakuna dume wa nyuki yeyote mwenye mwiba, kwa sababu mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka silaha. Anatisha tu.

Jike anao mwiba, na maumivu yake si ya kupuuzwa. Tena mwiba wake haung'oki kama wa nyuki wa asali, kwa hiyo anaweza kuchoma zaidi ya mara moja. Mwenye mzio wa sumu ya nyuki awe mwangalifu. Ila jike huyo hafukuzi mtu. Huchoma akishikwa, akikanyagwa au akibanwa ndani ya tundu lake. Nilisimama chini ya fishabodi ile karibu saa nzima, majike wakiingia na kutoka juu ya kichwa changu na miguu imejaa chavua, wala hakuna aliyenijali.

> Yule anayekujia usoni kwa ukali ni dume, na dume hana mwiba.

Anatafuna, anatema

Nyuki seremala hali mbao. Chakula chake ni maua: chavua pamoja na mbochi, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua. Mbao huitafuna kwa meno yake na kuitema ikiwa unga, na ndio huo ulioangukia sahani. Mchwa ni mgeni wa namna nyingine kabisa. Yeye huila mbao yenyewe, huimaliza kwa ndani mpaka libaki ganda, na hutakuta unga safi wala tundu la duara. Ukiona udongo umepanda ukutani kama mshipa, una mchwa, na huo ni msiba mkubwa kuliko huu.

Jike huanza kwa kutoboa moja kwa moja, tundu lenye upana wa kutosha mwili wake tu. Akishaingia kidogo hukata kona na kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, kulia au kushoto, mara nyingi pande zote mbili. Ndiyo maana kwa nje unaona tundu moja dogo, ndani kuna handaki la urefu wa kiganja au zaidi.

Mwisho wa handaki hulaza donge la chavua lililokandwa kwa mbochi. Juu yake hutaga yai moja. Kisha hukusanya unga wa mbao, huukanda kwa mate na kujenga ukuta, chumba cha kwanza kikafungwa. Anarudi nyuma hatua moja, anaanza cha pili: donge, yai, ukuta. Yai la nyuki seremala ni miongoni mwa mayai makubwa kuliko yote ya wadudu. Kwa aina zenye miili mikubwa hupita sentimita 1. Nakuomba msomaji usimame hapo kidogo. Malkia wa nyuki wa asali aliyeshiba hutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Huyu, kwa kazi yote hiyo ya kuchonga, kukanda na kujenga, huacha vyumba vichache tu. Ukiua majike kumi kwenye mtaa mmoja umeondoa ukoo ambao hautarudi kwa wiki wala kwa mwezi.

Aina kadhaa za Afrika na Asia zina jambo ambalo nililisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Mwanzoni mwa tumbo la jike mna mfuko mdogo wenye mlango, na ndani yake amebeba utitiri. Hawamnyonyi. Amewabeba kutoka tundu alimozaliwa kwenda tundu analochimba, na wanasayansi wanadhani husafisha vyumba vya watoto. Mwili wake umeumbwa ukiwa na nafasi ya kubebea wapangaji.

Hasara ipo

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Kwenye karakana moja kando ya barabara iendayo Lamadi, fundi seremala aliweka randa chini akanionyesha kipande cha fishabodi alichokitoa kwenye nyumba ya mteja. Alikuwa amekipasua kwa msumeno katikati. Ndani mlikuwa na mahandaki yaliyopishana kama mifereji ya shamba, mengine mapya na meupe, mengine yamekolea weusi wa miaka.

Fundi ana hoja nzito. Tundu la mwaka mmoja halibomoi nyumba. Lakini nyuki hawa wanapenda kurudi walikozaliwa. Binti hurithi tundu la mama, akalirefusha kidogo, na mwakani wa kwake akafanya vivyo hivyo. Maji ya mvua huingia, mbao ikaanza kuoza. Kigong'ota naye husikia mabuu yakijongea ndani, akaja kuchokonoa, akafanya tundu kuwa dirisha. Baada ya miaka kadhaa fishabodi hulegea na bati la ukingoni likapata nafasi ya kupigwa na upepo. Mwenye nyumba aliyejenga kwa fedha za mauzo ya pamba ya misimu mitatu ana haki ya kukasirika.

Akaongeza jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Paini ni mbao laini na nyepesi, na ndiyo wengi wanayoimudu. Nyuki huyu hutafuta hasa mbao iliyokauka, laini, isiyo na rangi, iliyokingwa na mvua. Kwa maneno mengine anatafuta fishabodi ya paini iliyopigiliwa bila kupakwa chochote, na mji wa Bariadi umejaa fishabodi za namna hiyo. Mteja hupunguza gharama kwa kuacha rangi, akiahidi kwamba ataipaka baadaye. Baadaye hiyo huja na mabawa.

Wapo mafundi wanaopaka oili chafu ya magari. Mbao inakuwa nyeusi, nyumba inanuka karakana, na mvua ikinyesha mafuta yanachuruzika kwenye ndoo zinazokinga maji ya bati. Sioni sababu ya kuisifia njia hiyo wakati kopo la rangi ya mafuta linafanya kazi vizuri zaidi.

Ua linalotaka kutikiswa

Nilivuka kwenda upande wa pili wa minyaa. Jirani alinipeleka kwenye tuta la bilinganya na kuniambia nikae kimya.

Jike mmoja alikuja, akalikumbatia ua la zambarau kwa miguu yote, akainamisha kichwa. Mvumo wake ulibadilika ghafla. Ukawa mwembamba na mkali, kama nyuki aliyefungiwa chupani, kwa muda wa pumzi moja. Akaachia, akaenda ua la pili, mvumo ukarudia. Tumboni alikuwa amepakaa vumbi la njano.

Siri iko kwenye umbo la ua. Mimea ya jamii ya bilinganya, ngogwe na nyanya huficha chavua ndani ya vifuko vilivyofungwa pande zote, isipokuwa kitundu kidogo nchani, mfano wa kichupa cha chumvi ya mezani. Chavua haitoki mpaka kifuko kitikiswe. Nyuki seremala hulishika ua, hukaza misuli ya mbawa bila kuruka, na mtetemo wa mwili wake huimwaga chavua. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Atatua, atazunguka, ataondoka.

Ni haki kusema kwamba ua la nyanya au la bilinganya linaweza kujichavusha lenyewe upepo ukilitikisa. Tofauti huonekana kwenye tunda: likitembelewa na nyuki anayetetema hupata mbegu nyingi, na tunda lenye mbegu nyingi hujaa na kuwa kubwa.

Ushahidi wa karibu unatoka Nguruman, kusini mwa Kenya, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, si mbali na mpaka wetu. Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichunguza mashamba ya bilinganya huko, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Miongoni mwa wadudu wote waliotembelea maua, waliofanya kazi hasa walikuwa nyuki wawili wa porini, na mmoja wao ni huyuhuyu Xylocopa caffra. Jambo la pili walilolionyesha ndilo linalotuhusu zaidi sisi: nyuki hao walitegemea pori lililobaki kandokando ya mashamba. Wakulima walivuna bilinganya kwa hisani ya vichaka ambavyo hawakuvipanda.

Ulaya kazi hiyo hufanywa na nyuki mwingine mnene mwenye manyoya, ambaye Kiingereza humwita bumblebee. Mwaka 1987 Mbelgiji Roland de Jonghe, daktari wa mifugo, alianzisha kampuni ya kuwazalisha na kuwauzia wakulima wa nyanya za ndani ya vibanda vya vioo. Kabla ya hapo vibarua walipita na vijiti vya umeme kutikisa shada moja baada ya jingine. Nyuki wale hawapo kwa asili Afrika kusini mwa Sahara. Hapa kwetu, kati ya wanaotetema maua, mwenye mwili mkubwa na nguvu nyingi ni seremala. Kule Ulaya mkulima hununua boksi la nyuki. Bariadi wanakuja wenyewe, bure.

> Ulaya mkulima hununua boksi la nyuki. Bariadi wanakuja wenyewe, bure.

Orodha ya kazi zake ni ndefu kuliko bilinganya. Kunde, mbaazi na marejea zina ua lililokunjwa ambalo hufunguka vizuri likikaliwa na mdudu mzito. Pasheni ya manjano ndiyo inayomtegemea kuliko zote: mmea wake haukubali chavua yake wenyewe, ua lake hufunguka mchana, na umbo lake linataka mgongo wa nyuki mkubwa ili uguse sehemu zinazotakiwa. Nyuki wa asali hupita chini yake akiiba chavua bila kugusa chochote cha maana. Brazili, nchi inayolima pasheni kwa wingi, wakulima wasio na nyuki seremala hulazimika kuchavusha kwa mkono, ua kwa ua, na watafiti huko wametengeneza masanduku maalumu ya mbao ili nyuki hao wakae karibu na shamba. Tuna pasheni kwenye nyua zetu. Ikitoa maua mengi na matunda machache, usiulaumu udongo kabla ya kutazama nani anaitembelea saa nane mchana.

Ana wizi wake pia. Ua likiwa na shingo ndefu asiyoweza kuifikia kwa ulimi, hulitoboa ubavuni karibu na kikonyo, akanywa mbochi na kuondoka bila kuacha chavua. Bustani za maua ya mapambo zinamfahamu kwa tabia hiyo.

Gogo lake tulilipikia

Mama mwenye nyumba aliniuliza swali zuri kuliko yangu yote. Alikulia kijijini, upande wa Itilima, na hakumbuki wadudu hawa wakitoboa nyumba. Kwa nini sasa?

Sehemu ya jibu ni nyumba yenyewe. Msonge wa nyasi na miti yenye moshi wa jiko ndani yake haukuwa mahali pa kulea watoto wa nyuki. Nyumba ya bati na fishabodi ni mwaliko.

Sehemu ya pili iko porini. Kuanzia miaka ya 1920, Shinyanga ikiwa kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Mwingereza C. F. M. Swynnerton, maeneo makubwa ya vichaka vya Usukuma yalifyekwa ili kuondoa makazi ya mbung'o. Pamba ikafuata, na mifugo, na kuni. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa wazi, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado wilaya za Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. HASHI haikuleta mbinu ngeni. Ilifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho ili majani na miti vipumzike, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000.

Nyuki seremala anahitaji mti uliokufa ukiwa umesimama, au tawi kavu ambalo halijaokotwa. Katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, ambako kila tawi kavu lina njia ya kwenda jikoni, kitu hicho ni adimu. Simlaumu mama anayeokota kuni. Nasema tu kwamba tulipolipeleka gogo lake mekoni, alikuja kuishi kwenye mbao iliyobaki, ambayo ni yetu.

Kuna mmea mmoja unaomfaa kuliko paini, nao tunao tele. Kwenye mipaka ya mashamba ya Simiyu husimama mikonge. Ikishazeeka hutoa mlingoti mrefu wa maua, kisha hufa, na mlingoti ukikauka huwa mwepesi, mgumu kwa nje na laini kama sifongo kwa ndani. Nyuki seremala wa sehemu nyingi duniani wanaupenda mno. Kwenye mpaka wa shamba la jirani nilikuta mlingoti mmoja umeanguka, una matundu matatu, na kila tundu lina mwenyewe.

Dawa ya shambani, barazani

Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na kaya nyingi hubakiza dawa msimu unapokwisha. Chupa huwekwa darini au chini ya kitanda. Akitokea mdudu asiyependwa, chupa hukumbukwa. Hapa nitasema bila kuzunguka: ni kosa kubwa kunyunyizia dawa ya pamba kwenye kingo za nyumba.

Kiuadudu kilichosajiliwa kwa ajili ya shamba la pamba hakikupimwa kwa matumizi ya juu ya kichanja cha vyombo, mtungi wa maji na kichwa cha mtoto. Kazi ya kusajili viuatilifu na kueleza kila kimoja kitumike wapi ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa yana sababu. Matone yanayokosa tundu huanguka kwenye unga wa ugali, kwenye kuku wanaodonoa uani, na kwenye ndoo ya maji ya bati.

Halafu dawa haibaki kwenye mbao. Jike aliyeguswa nayo huenda akafia kwenye ua la kunde la jirani. Viuadudu vingi vinavyopigwa kwenye pamba, vikiwemo vya jamii ya pairethroidi, huua nyuki bila kubagua, wawe wa asali au seremala. Na pamba yenyewe inapata hasara. Ni kweli ua la pamba hujichavusha, lakini utafiti kutoka Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha pamba na ufuta vikizaa zaidi na kwa ubora zaidi maua yakitembelewa na nyuki. Huko Meatu wapo wakulima ambao tangu miaka ya 1990 wanalima pamba ya kilimo hai bila viuadudu vya kemikali, chini ya mpango wa bioRe. Kwa hiyo anayedai kwamba Simiyu haiwezi kuvuna bila kuua kila kirukacho, majibu anayo mkoani mwake.

Jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2016 kwamba robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea, walau kwa kiasi, uchavushaji wa wanyama. Tunaposikia nyuki, fikra huenda kwenye mzinga na asali. Katika aina zipatazo 20,000 za nyuki duniani, walio wengi kabisa hawana mzinga wala asali ya kuvunwa, na huyu mweusi ni mmoja wao. Hana afisa wa kumtetea wala soko la kumpa bei. Anaye mama mmoja mwenye jembe mkononi.

> Walio wengi kati ya nyuki wa dunia hawana mzinga wala asali ya kuvunwa.

Walivyoafikiana

Kijana wa bomba aliondoka bila kunyunyizia. Haikuwa hotuba iliyomzuia. Jirani alisema atachangia nusu ya kopo la rangi, na fundi wa barabara ya Lamadi akaitwa.

Alichokifanya fundi kinaweza kufanywa na yeyote mwenye ngazi. Kwanza alichomeka kila tundu kwa karatasi ya gazeti iliyosokotwa kwa ulegevu. Baada ya siku tatu akarudi kutazama. Tundu ambalo karatasi imetolewa lina mwenyewe. Ambalo karatasi iko palepale ni tupu. Matundu tisa yalikuwa matupu. Akayaziba kwa vipande vya mti mgumu vilivyopakwa gundi, akapiga msasa, kisha akapaka fishabodi yote rangi ya mafuta mara mbili, pamoja na upande wa ndani na ncha zilizokatwa, ambazo wapakaji wengi huzisahau. Vanishi haitoshi, nyuki huipenya.

Matundu mawili yaliyokuwa na wenyewe yaliachwa. Ukimzibia jike ndani atatoboa kutoka upande mwingine, na utakuwa umeongeza tundu. Yatazibwa watoto wakishatoka.

Jirani naye alikata vipande vitatu vya mlingoti wa mkonge, kila kimoja urefu wa mkono, akavifunga kwa kamba kwenye mpera ulio upande wake wa minyaa, kwa kulala, mahali penye kivuli pasipopigwa na mvua moja kwa moja. Toboa kitundu kidogo cha kuanzia, kina cha kucha, na jike hatapita bila kukagua.

Wiki tatu baadaye nilipita tena. Fishabodi ilikuwa ya rangi ya kahawia, kavu, bila tundu jipya. Chini ya mpera palikuwa na vichuguu viwili vidogo vya unga. Dume wa manjano alikuwa amehamishia lindo lake huko, na mvulana wa darasa la pili alipita chini yake na ndoo iliyojaa, akamtazama, akaendelea na safari.

Ndugu msomaji wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, mvua zikianza mabomba yatatoka tena darini. Ukipuliza pamba yako, puliza jua likishazama, nyuki wakiwa wamerudi makwao. Na dawa itakayobaki, tafadhali usiilete nyumbani. Tundu kwenye fishabodi linazibwa kwa gundi, kipande cha mti na rangi. Na mlingoti wa mkonge uliokauka mpakani mwa shamba lako, usiuchome moto mwaka huu.